Pete niliyotumiwa na nisiyemjua, na mzigo aliolipia mama mkwe

Somo, assalaam alaykum.

Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 34 na watoto watatu. Twaishi Kibokoni, Mombasa, nyumba moja na mama mkwe wangu, yeye chini, sisi juu. Nakuandikia usiku huu kwa sababu mume wangu amelala sebuleni, na amelala sebuleni kwa sababu ya pete.

Wiki tano zilizopita alirudi na barua kutoka sanduku la posta la kazini kwao, maana ndiyo anwani tunayotumia sote. Katikati ya barua palikuwa na bahasha ya plastiki ya kijivu, ndogo kama kiganja, imeandikwa jina langu, namba yangu ya simu na sanduku hilo. Kibandiko kimejaa Kichina na Kiingereza kidogo, aliyetuma hatajwi. Jina langu limerukwa herufi moja, lakini ni mimi, hapana mwingine. Tukaifungua pamoja mezani watoto wakitazama. Kikatoka kijaluba cheusi, ndani yake pete ya jiwe jeupe linalometameta, na kikadi cha saizi ya karata kilichochapwa msimbo wa QR. Juu yake maneno ya Kiingereza: umepewa zawadi, skani ujue aliyekutumia.

Somo, sikuagiza pete. Wallahi sikuagiza. Hata hainienei kidole cha pete, yaingia kile cha mwisho tu. Mume wangu si mtu wa kelele. Aliitia pete kijalubani, akaiweka juu ya kabati la vyombo, akauliza mara moja tu: "Nani huyu?" Tangu siku ile nikimsemesha hunijibu ndiyo au la.

Kabla hilo halijapoa likaja la pili. Jumatano iliyopita nilikuwa nimekwenda Markiti kununua viungo. Nyuma yangu akaja kijana wa boda akabisha hodi, akataja jina langu kamili, mara hii bila kosa, akasema ana mzigo wangu wa lipa ukipokea, shilingi 2,350. Mama mkwe alikuwa ukumbini anapakia mabuyu yake. Hupika mabuyu na achari, wanafunzi wa mtaa mzima wanamjua. Alimwambia kijana angoje nirudi. Kijana akasema ana mizigo mingine ya Nyali, na huu ukirudishwa mimi ndiye nitakayetozwa. Basi mama akatoa simu akamlipa kwenye namba ya kawaida, likaja jina la mwanamke, kijana akasema ndiye mwenye duka. Akamwomba na namba yake ya simu, ati ya kuandikia risiti. Pesa zenyewe zilikuwa za sukari ya mabuyu.

Mimi hakunipigia. Niliporudi hakusema lolote mbele ya mume wangu, mpaka tulipobaki wawili jikoni akaninong'oneza: "Mzigo wako nimekuwekea, uko chini ya kitanda changu."

Nikamwuliza mzigo gani. Tukaingia chumbani kwake tukafunga mlango. Boksi limezungushwa selotepu hata kisu kikawa chakwama. Ndani gazeti, gazeti, gazeti, halafu waya wa kuchaji simu wa shilingi mia, pamoja na nusu kipande cha sabuni ya mche. Sabuni imetiwa ili boksi liwe na uzito. Mama mkwe akaishika, akaenda nayo kwenye beseni, akaisugua. Akasema, "Hata povu haina." Kisha akakaa kitandani, hakusema tena.

Siku mbili baadaye akapigiwa simu na mwanamume mwenye sauti ya adabu. Shikamoo mama, samahani mama, sisi ni watu wa mizigo, tulikosea, tunataka kukurudishia pesa zako. Itaingia meseji ina namba sita, tusomee. Mama macho yake hayaoni herufi ndogo, akamwita binti yangu amsomee. Namba tatu zilikuwa zimeshasomwa nilipoingia nikaikata simu. Tangu hapo wanapiga kwa namba hii na ile.

Binti ndiye aliyemwambia baba yake. Kwa hiyo sasa mume wangu ana pete juu ya kabati, na ana mzigo uliofichwa chini ya kitanda cha mama yake mzazi, na anaona mke na mama wana lao jambo. Amesema Ijumaa baada ya swala atakipeleka kile kikadi kwa rafiki yake mwenye duka la simu wakiskani, amjue mtuma pete. Mama mkwe anakula matonge mawili anasukuma sahani, asema amekuwa mzee mjinga. Vijana wa barazani nao wameapa yule wa boda akikanyaga Kibokoni tena hatatoka na meno yake.

Nami nikiri, nisije nikasema uongo: vitu vya mtandaoni naagiza. Dera, vyombo, viatu vya watoto. Nalipa kwa pesa zangu za cherehani. Na mara nyingine nawaambia wamwachie jirani, au nauchukua mzigo kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa mume wangu akiona boksi huuliza bei, na akishauliza bei tumekesha. Lakini hilo ni jambo jingine, halihusiani na haya.

Ni akina nani hawa? Wamenijuaje? Hii pete nirudishe, nilipe, nifanyeje? Pesa za mama zitapatikana? Na mume wangu nitamwambia nini akaniamini?

Mkaza mwana, Kibokoni

* * *

Waalaykum salaam, mwanangu.

La haraka kwanza, mengine yatangoja. Hiyo Ijumaa kikadi kisiskaniwe. Si na mume wako, si na rafiki yake, si na mtoto kwa mchezo.

Aliyekichapa hakujui wewe wala mumeo, lakini alijua kuwa katika nyumba nyingi kuna mtu atakayeuliza "Nani huyu?" Ndiyo sababu hakuandika jina. Mtu akishaumwa na swali kama hilo atafungua ukurasa wowote unaomwahidi jibu, na ukurasa ukimwambia ajaze jina, namba ya simu, namba ya kadi ya benki "kwa uthibitisho", atajaza, maana yuko mbioni kumkamata mtu. Au ataambiwa apakue programu, na programu hiyo ikishakaa ndani ya simu itakuwa inasoma meseji zake za benki kabla yake. Mwaka 2025 FBI, wapelelezi wa Marekani, walitoa onyo juu ya jambo hili hasa: kifurushi ambacho hukuagiza, hakina jina la mtumaji, ndani mna msimbo wa QR. Sasa fikiria simu ya mwenye duka la simu, iliyojaa pesa za watu. Mumeo anataka kuipeleka huko sumu hiyo ili ajue siri ambayo haimo.

Na kama ameshaskani kimyakimya (waume hufanya), msigombane. Ikiwa hakujaza kitu wala hakupakua kitu, afunge ukurasa, yamekwisha. Akiwa amepakua, afute. Akiwa amejaza, abadilishe nywila na PIN leo leo, na benki aipigie kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, si kwa namba aliyopewa huko ndani.

Haya, pete.

Maduka ya mtandaoni yanaishi kwa nyota. Wewe mwenyewe ukitafuta dera huangalia lenye nyota nyingi na watu wengi waliolisifu. Sasa muuzaji mpya hana mnunuzi hata mmoja, bidhaa yake iko kurasa za nyuma ambako hapafiki mtu. Anachofanya ni kujinunulia mwenyewe. Anafungua akaunti kwa jina la mtu aliye hai na anwani ya kweli, anaagiza bidhaa ya duka lake, analipa, na pesa zinamrudia mwenyewe ukitoa kamisheni ya mtandao. Tatizo lake ni moja: hawezi kusifiwa na "mnunuzi aliyethibitishwa" mpaka kuwe na mzigo uliosafirishwa ukafika. Hapo ndipo bahasha yako inapoingia. Hatii ndani bidhaa yenyewe, ina gharama. Anatia chochote chepesi kisicho na thamani, na pete ya kioo ni nyepesi kuliko vingi. Posta ikishaonyesha kuwa umefika, anakaa kitako anajisifu kwa jina lako. Huenda saa hii, mwanangu, kuna mahali umeshaisifia mashine ya kusagia nyanya kwa nyota 5, umesema imefika upesi na watoto wako wameipenda.

Wazungu wauita mchezo huu kupiga brashi (brushing), na kikadi cha QR ni chambo kilichoongezwa juu yake. Si wa jana. Mwaka 2020 watu wa Marekani, majimbo yote, walianza kupokea bahasha za mbegu wasizoagiza, nyingi zina alama za posta ya China, na nje zimeandikwa kuwa ndani ni vito. Wizara yao ya kilimo ikawaambia wasizipande wala wasizitupe, na maelezo iliyoyaona yanakaribia ukweli yalikuwa ndiyo haya ya brashi. (Na wewe ukija kupata mbegu za hivyo usizitie kwenye kopo la mrehani. Wapelekee KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Mmea usiojulikana ulikotoka unaweza kuja na mdudu asiyejulikana dawa yake.)

Kwa hiyo hakuna mwanamume, na mumeo akitulia dakika tano atajionea mwenyewe. Mwulize swali moja tu, kwa upole, wakati tumbo limeshiba: ni mwanamume gani anayemtaka mke wa mtu akamtumia pete kwa sanduku la posta la mumewe? Tena pete isiyoenea kidole, bila neno hata moja la mkono?

Kisha mpe ushahidi, kwa kuwa mtu wa kimya hutulizwa na kitu cha kushika. Umeniambia jina lako limerukwa herufi moja. Herufi hiyo ni dhahabu, usiipuuze. Kaa na simu yako, tafuta meseji na baruapepe zote za vitu ulivyowahi kuagiza, za mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi. Ninavyodhani, utakuta duka moja ambalo siku ya kujiandikisha kidole chako kilikosea, ukaandika jina bila herufi ile ile, na sanduku lile lile. Ukilipata umeshapata palipovuja. Mwonyeshe mumeo meseji ya zamani na kibandiko cha bahasha, kimoja kando ya kingine, usiseme kitu, mwache asome. Halafu nenda kwenye akaunti ya duka hilo ubadilishe nywila, na kama nywila hiyo ndiyo unayotumia kwenye baruapepe pia, hiyo badilisha kwanza. Angalia kama kuna oda usizozijua. Wapo watakaokwambia hilo la brashi si wizi kwa kuwa hukupoteza senti. Mimi sikubaliani nao. Jina lako limetumiwa kuwadanganya wanunuzi wengine, na nyumbani kwako limemlaza mtu sebuleni.

Kurudisha, hapana, na kulipa, hapana. Sheria yetu ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haimwekei mtu deni kwa kitu alichopelekewa bila kukiagiza. Akija mtu kukudai pete au bei ya pete, ni yeye mwenye kesi. Pete unaweza kuitupa, au kumpa binti achezee harusi za wanasesere, ingawa usimwachie aivae kutwa, vyuma vya bei hiyo huchubua ngozi. Kwa sonara usiende nayo, utamchekesha bure.

Sasa yule wa sabuni ni mtu mwingine kabisa. Wewe umeyaona mambo mawili yamefuatana ukadhani ni mkono mmoja. Mimi sidhani. Wa pete yuko mbali, ametuma mamia kwa upofu, hakuitaka hata shilingi ya mama mkwe. Wa sabuni yu karibu, anajua jina lako bila kosa, anajua mtaa, na anajua kuwa wewe ni mtu wa kuagiza vitu, maana mzigo wa lipa ukipokea hauuziki kwenye nyumba isiyoagiza.

Wamekujuaje? Mara ngapi umeandika namba yako ya simu chini ya picha ya dera, mbele za watu elfu, "nitumie bei"? Mara ngapi boksi limetupwa pipani na kibandiko chake kizima, jina, simu na "Kibokoni, karibu na" fulani? Pengine pia ni mtu aliyewahi kufanya kazi kwa muuzaji uliyemnunulia, akatoka na daftari. Ikiwa utapata hakika kuwa ni duka fulani lililotoa habari zako, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Kamishna wake wa Data, anapokea malalamiko ya watu kama wewe. Lakini kibandiko ukibandue kuanzia leo, ukichane.

Kijana wa boda nitakuombea jambo. Wakanye vijana wa barazani. Huenda ni mwizi, na huenda ni mtu wa kubeba tu aliyepewa boksi na mia mbili zake akaambiwa peleka hapa, lipisha kwenye namba hii. Hayo wewe huyajui, nami siyajui, na meno yakishang'oka hayarudishwi kwa kuomba radhi. Akionekana, wachukue namba ya pikipiki. Hiyo polisi wanaweza kuitumia, kilio chake hakiwafai kitu.

Pesa. Nitakwambia kweli hata kama hutaipenda. Ukituma pesa kimakosa kwenye M-Pesa, dawa ni kuipeleka meseji ya malipo kwa 456 pale pale, na dawa hiyo husaidia pesa zikiwa bado zimo kwa mpokeaji. Watu hawa hawalazi pesa. Pengine kabla kijana hajafika barabarani zilikuwa zimeshatolewa. Mama mkwe wako asifute meseji ile hata hivyo: ina jina la yule mwanamke, saa, na namba ya muamala. Namba za wanaopiga zipelekeni kwa 333, ndiyo ya kuripoti matapeli wa Safaricom na haitozi kitu. Kisha nendeni kituo cha polisi mkaandikishe, mkapewe namba ya OB, yaani ya daftari la matukio. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 inawahusu, na jina hilo moja huenda tayari lina malalamiko mengine kumi yanayongoja la kumi na moja. Lakini msihesabu 2,350 kama pesa iliyo njiani.

Yule wa shikamoo ndiye wa hatari kuliko wote, na hapa wewe umefanya kazi ambayo hujajisifia. Zile namba sita hazikuwa za kurudisha pesa. Mtu akitaka kukutumia pesa anahitaji namba yako ya simu, basi, na hiyo mama alishampa kijana "ya risiti". Namba sita zinazoingia kwa meseji ni ufunguo wa kitu kilichofungwa kwa namba ya simu ya mama, mara nyingi WhatsApp. Wangesomewa zote sita, WhatsApp ya mama ingehamia kwao, na jioni ile ile jamaa zenu wote kutoka Lamu mpaka Muscat wangepata ujumbe kwa jina lake: mwanangu nimelazwa, nitumie elfu tano, usipige simu sina sauti. Nani angemkatalia? Namba tatu haziwafai kitu, na muda wake umeshapita. Fungua WhatsApp ya mama mkwe, ikiwa inafanya kazi kama kawaida hawakuingia. Ingia kwenye mipangilio, washa uthibitisho wa hatua mbili, mchagulie PIN atakayoikumbuka. Wakipiga tena asijibu, hata kuwatukana. Mtu anayewatukana wanajua yupo na anapokea.

Sasa nikuulize wewe.

Umesema mlango wa nyuma hauhusiani na haya. Soma tena barua yako mwenyewe. Mama mkwe alimwambia kijana angoje. Hakuwa mjinga, alishasimama pazuri. Kilichomgeuza ni kuambiwa kuwa ukirudishwa wewe utatozwa. Simu anayo, hakukupigia. Mzigo hakuuacha ukumbini, aliutia chini ya kitanda chake mwenyewe. Mbele ya mwanawe hakusema. Alipokupata peke yako ndipo alipokunong'oneza, "nimekuwekea."

Mwanangu, yeye anakaa chini. Milango yote miwili anaisikia. Ameshayaona maboksi yako ya mlango wa nyuma muda mrefu, na hajakusema hata siku moja kwa mwanawe. Siku ile aliamini ni boksi lako jingine, limekuja wakati nyumba ina moto wa pete, akatoa pesa za sukari yake ili mume wako asilione. Hakulipia mzigo. Alikulipia wewe. Halafu akasugua sabuni isiyotoa povu, na hakuna mtu aliyemwambia hata mara moja kuwa kimeonekana alichokifanya. Wewe umeniandikia kuwa anajiita mzee mjinga, hukuniandikia ulimjibu nini.

Sikulaumu kwa kununua. Cherehani ni yako, pesa ni zako. Lakini tapeli wa lipa ukipokea anafanikiwa katika nyumba ambamo kila mtu anadhani ni mwenzake aliyeagiza na hapana anayeuliza. Nyumba yako ilikuwa imemwandalia kiti. Kwa hiyo ukishaweka kibandiko na meseji ya zamani mbele ya mumeo, usiishie hapo. Mwambie na habari ya dera na vyombo, na bei zake. Mtakesha, ndiyo. Kesheni mara moja.

Halafu mkubaliane, watoto wakisikia: ukiagiza kitu, kinaandikwa ukutani jikoni, ni nini, kinatoka wapi, ni pesa ngapi, kimelipiwa au bado. Mtu akija na mzigo usio ukutani, aliye mlangoni asilipe, hata ukiwa wa mia mbili. Akupigie wewe kwa namba aliyoihifadhi mwenyewe, asipewe simu na kijana azungumze na "mwenye duka". Akisema ana haraka, aende na haraka yake, mzigo wa kweli hurudi kesho. Na hata ulio ukutani, kama ni wa lipa ukipokea, ufunguliwe kwanza ndipo pesa itoke. Wengi watakataa kufunguliwa. Anayekataa ondoka naye mpaka barazani, mshukuru, funga mlango. Usifikiri kuwa ni utovu wa adabu. Sisi watu wa hapa tumelelewa kutomrudisha mtu aliyebisha hodi mikono mitupu, na wao wanajua hivyo, ndiyo maana sauti zao zote zina shikamoo.

Kuna na meseji zitakazofuata, nikukinge mapema kwa kuwa namba yenu imeshaingia sokoni: mzigo wako uko posta, umekwama kwa ushuru wa shilingi hamsini, bonyeza hapa ulipe. Hamsini haimwumizi mtu, ndiyo chambo. Wanachotaka ni namba za kadi utakayolipia nayo. Mzigo ukiwa posta kweli, nenda posta ya Digo Road ukaulize dirishani, si mbali nawe.

Mama mkwe usimrudishie 2,350 mkononi kama mtu anayelipa deni, utamvunja zaidi. Kesho asubuhi kabla hajaamka nenda kanunue sukari ya mabuyu ya wiki hii, na rangi, na iliki, umwekee jikoni kwake. Akiuliza nani ameleta, mwambie, "Nimekuwekea."